Keti Kwanza, Uhesabu: Namna ya Kupima Barua ya Kazi ya Ng'ambo

Somo kwa kamati za sharika na vikundi vya vijana

Katika toleo hili tunaleta somo kuhusu jambo ambalo limeingia katika sharika nyingi za dayosisi yetu, nalo ni barua ya kazi ya nje ya nchi.

Barua hizi siku hizi huja kwa simu ya mkononi. Nyingine zinatoka Dubai, nyingine Muscat, Doha au Riyadh, na chache zinatoka Uingereza. Kijana akiipata, familia nzima hupata joto la furaha, na baada ya siku mbili tatu tunawaona mlangoni kwa mchungaji au kwa mzee wa kanisa. Wanaomba maombi, barua ya utambulisho na mara nyingi mchango. Ni mara chache sana wanaomba msaada wa kupiga hesabu.

Somo hili halimwambii mtu aende au asiende. Linafundisha jambo moja: mshahara wa ng'ambo haupimwi kwa kuugeuza kuwa shilingi na kushangilia. Unapimwa kwa kiasi kinachobaki baada ya gharama za kuishi kule, madeni yaliyoachwa hapa, na kazi ambayo mtu huyo alikuwa anaifanya nyumbani. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14:28, anatukumbusha habari za mtu anayetaka kujenga mnara kwamba ni lazima aketi kwanza na kuhesabu gharama. Tunataka kamati zetu zijue namna ya kuketi hivyo.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa usharika wetu, mama wa mtoto mmoja, alipata nafasi ya kufanya kazi za ndani nchini Oman. Aliahidiwa riali 80 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Tukipiga riali moja kwa shilingi 6,500, hizo ni shilingi 520,000. Hapa nyumbani alikuwa anauza mboga sokoni, na kuna wiki alirudi na mtaji tu. Tulimchangia shilingi 600,000 katika ibada ya Jumapili, tukamwekea mikono, tukamsindikiza hadi stendi kwa nyimbo.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeomba kuuona mkataba. Tulimwombea, lakini hatukumsomea.

Alirudi baada ya miezi saba akiwa na begi moja. Miezi mitatu ya kwanza hakulipwa kitu, aliambiwa kwamba mwajiri anarudisha kwanza fedha alizompa wakala. Pasipoti yake ilishikwa na mwenye nyumba siku ya kwanza. Alikuwa anaamka kabla ya alfajiri na kulala usiku wa manane. Alipotaka kuondoka aliambiwa kwamba akitoka bila ruhusa atahesabiwa kuwa mtoro, kwa sababu kibali chake cha kukaa nchini kilifungwa kwa mwajiri huyo mmoja. Utaratibu huo wa Ghuba unaitwa kafala, na katika nchi nyingi za huko wafanyakazi wa ndani wako nje ya sheria ya kazi ya kawaida, au wana kanuni zao za pekee ambazo ni dhaifu zaidi.

Baadaye tulikuja kujua kwamba yaliyompata hayakuwa mageni. Mnamo Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania waliokuwa Oman na Falme za Kiarabu, na malalamiko yaliyomo yalikuwa hayo hayo: pasipoti kushikwa, mishahara kuzuiwa, saa nyingi za kazi bila mapumziko. Habari zilikuwapo. Sisi hatukuuliza.

Binti huyo yupo, anaimba kwaya, na ametupa ruhusa ya kueleza habari yake bila kumtaja jina. Alituambia neno moja ambalo tumelibeba hadi leo: "Wazee wangu, hata mngeniuliza swali moja tu, mimi ningejua kwamba kuna la kuuliza."

Barua ya Dubai

Mwaka jana ilikuja nafasi ya kurekebisha. Mzee mmoja wa mtaa alikuja kwenye kikao cha kamati akiwa na mwanawe mwenye umri wa miaka 26, fundi umeme aliyesoma VETA. Kijana alikuwa na barua ya kazi ya ulinzi Dubai, mshahara dirhamu 1,800 kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili. Wakala alidai shilingi 4,500,000 kwa ajili ya viza, tiketi na kile alichokiita ada ya ofisi. Baba alikuwa tayari kuuza ng'ombe mmoja wa maziwa kwa shilingi 1,500,000, na kukopa 3,000,000 zilizobaki kwa mkopeshaji, akiweka sehemu ya kihamba kuwa rehani. Walikuja kuomba barua ya mchungaji ya kuthibitisha kwamba familia ni waaminifu, ili mkopeshaji akubali.

Mtunza hazina wetu alichukua simu na kuzidisha. Dirhamu moja ni kama shilingi 680, kwa hiyo dirhamu 1,800 ni shilingi 1,224,000. Chumba kikachangamka. Kijana alikuwa anapata wastani wa shilingi 450,000 kwa mwezi kwa kufunga nyaya za nyumba. Mzee mmoja akasema, "Hii ni karibu mara tatu, tunangoja nini?"

Mama mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu, akasema, "Tunangoja kuisoma." Akaomba ubao.

Tunaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, ili kila kamati iweze kuifanya. Tulitumia dola moja kwa shilingi 2,500 kwa urahisi. Sarafu ya Dubai imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha dirhamu 3.67 tangu mwaka 1997, kwa hiyo linalopanda na kushuka ni thamani ya shilingi yetu. Siku ya kupiga hesabu yenu ulizeni kiwango benki.

Hatua ya kwanza ni kuuliza barua inatoa nini na haitoi nini. Barua ile ilisema malazi ni ya kampuni, yaani kitanda katika chumba cha watu kadhaa. Chakula kilikuwa juu ya mfanyakazi. Tulimpigia simu kijana wa usharika jirani aliyeko huko, naye akatupa gharama zake mwenyewe kwa mwezi:

Chakula, akipika kwa zamu na wenzake: dirhamu 450
Simu na intaneti: dirhamu 100
Sabuni, dawa, nguo na nauli ya siku ya mapumziko: dirhamu 150
Gharama ya kutuma fedha nyumbani: dirhamu 30
Jumla: dirhamu 730

Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara wa mtu, kwa hiyo hapo hatukupunguza kitu. Dirhamu 1,800 toa 730, zinabaki 1,070. Kwa shilingi ni 727,600. Ile milioni moja na laki mbili ilikuwa imeshapungua kabla haijavuka bahari.

Hatua ya pili ni gharama ya kuondoka. Mkopo wa shilingi 3,000,000 ulikuwa na riba ya asilimia 5 kwa mwezi ya fedha yote iliyokopwa, kwa miezi kumi. Riba peke yake ni shilingi 1,500,000. Ongeza mkopo wenyewe na ng'ombe, jumla ni shilingi 6,000,000. Ukizigawa kwa miezi 24 ya mkataba, kila mwezi unabeba shilingi 250,000.

Hatua ya tatu ni kazi anayoiacha. Kijana huyu alikuwa anakata majani ya ng'ombe, anapalilia migomba na kuchuma kahawa pamoja na baba yake, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka bondeni. Akiondoka itabidi kuajiri kibarua. Mama yake alitaja shilingi 80,000 kwa mwezi. Maziwa ya ng'ombe atakayeuzwa hatukuyahesabu, ingawa tungeweza.

Hatua ya nne ni kulinganisha kinachobaki na kinachobaki. Hapa ndipo kamati nyingi hukosea, kwa kuweka mshahara wote wa kule mbele ya akiba ya hapa. Dubai: 727,600 toa 250,000 toa 80,000, yaani shilingi 397,600 kwa mwezi. Nyumbani: anapata 450,000, anatoa 100,000 za chakula nyumbani, nauli 50,000, simu 20,000 na mengineyo 50,000, zinabaki 230,000.

Tofauti ni shilingi 167,600 kwa mwezi. Kwa miaka miwili ni shilingi 4,022,400. Ni fedha, hatuzidharau. Lakini ile "karibu mara tatu" ilikuwa imetoweka ubaoni mbele ya macho yetu.

Mwezi wa kumi

Kisha mwalimu yule akauliza swali ambalo lilinyamazisha chumba: "Akirudi mapema je?"

Baada ya kutoa gharama za kule na kibarua wa hapa, kijana angebakiwa na shilingi 647,600 kwa mwezi kabla ya kugusa deni. Ili kufikia shilingi 6,000,000 alihitaji kufanya kazi zaidi ya miezi tisa. Kwa maneno mengine, hadi mwezi wa kumi angekuwa anamfanyia kazi wakala na mkopeshaji. Akiumwa, akifukuzwa, au kampuni ikifungwa katika mwezi wa sita, familia ingekuwa imepata 3,885,600 na kutumia 6,000,000. Ingebaki na hasara ya 2,114,400, na rehani ya kihamba mikononi mwa mtu mwingine.

Wenzetu wa mlimani wanajua maana ya kihamba. Ndipo walipozikwa mababu, na ndipo baba anapomgawia mwana. Mzee akavua kofia yake akasema, "Baba Mchungaji, hiyo barua ya uaminifu niacheni kwanza." Kijana hakusema kitu. Alikunja karatasi yake akatoka nje.

Siku iliyofuata tulifanya yale tuliyopaswa kuyafanya kwa binti wa Oman. Tuliuliza TaESA, kitengo cha Serikali cha huduma za ajira, kama wakala yule amesajiliwa. Hakuwamo. Tulimwomba nakala ya viza, naye akaleta viza ya matembezi, akasema itabadilishwa mtu akishafika. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa katika Falme za Kiarabu, na mtu aliyekamatwa hana pa kudai mshahara wake. Zaidi ya hayo, sheria ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 2021 inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, ni za mwajiri. Tulipomuuliza wakala risiti ya zile milioni nne na nusu itatolewa kwa jina gani, alisema nafasi zinajaa Ijumaa. Baada ya Ijumaa simu yake haikupatikana.

Tusifiche: kijana alitukasirikia. Kwa miezi miwili alikuwa akituona barabarani anapita upande wa pili. Aliamini kwamba wazee wamemzibia riziki. Kamati itakayofanya kazi hii na ijiandae kuchukiwa kwa muda.

Barua ya pili

Kabla ya mwaka kwisha kijana huyo alirudi mwenyewe ofisini kwetu, akatoa shikamoo, akaweka karatasi mezani. Ilikuwa barua nyingine ya Dubai, kupitia wakala aliyesajiliwa. Mshahara ulikuwa dirhamu 1,600, pungufu kuliko ule wa kwanza. Viza, tiketi, kitanda na usafiri wa kwenda kazini vilikuwa juu ya mwajiri. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameshapiga hesabu yote.

Dirhamu 1,600 toa 730 zinabaki 870, yaani shilingi 591,600. Gharama yake ya kuondoka ilikuwa shilingi 400,000 tu: pasipoti 150,000, na zilizobaki ni vipimo vya afya, hati ya polisi na nauli za Dar es Salaam. Kwa miezi 24 ni kama shilingi 16,700 kwa mwezi. Toa kibarua 80,000. Kinabaki shilingi 494,900.

Mshahara mdogo ulikuwa umeshinda mshahara mkubwa kwa shilingi 97,300 kila mwezi, bila mkopo, bila kuuza ng'ombe, na akirudi mwezi wa pili hadaiwi na mtu.

Alikuwa ameona na jambo lingine ambalo sisi tulikuwa hatulijui. Barua ya kwanza ilikuwa na mshahara wa msingi wa dirhamu 1,000 na posho 800. Ya pili ilikuwa na msingi wa 1,200 na posho 400. Katika sheria ya kule, malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, katika miaka mitano ya kwanza. Kwa hiyo akimaliza miaka miwili, msingi wa 1,000 ungempa dirhamu 1,400, na msingi wa 1,200 utampa 1,680. Posho ni tamu kwenye barua, lakini haimsindikizi mtu nyumbani.

Kijana aliondoka akiwa na baraka za kamati. Bado yuko huko, na hatuwezi kusema mwisho wake kabla haujafika. Tunachoweza kusema ni kwamba ng'ombe wako wawili zizini, na kihamba hakina karatasi kwa mtu.

Mshahara mkubwa na pango kubwa

Barua za Ghuba mara nyingi huja na kitanda. Barua za Ulaya mara nyingi haziji nacho, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Tuchukue mfano wa muuguzi, kwa kuwa hospitali za kanisa zinawapoteza wengi.

Katika mwaka wa fedha 2024/25 muuguzi anayeanza daraja la 5 katika huduma ya afya ya taifa ya England alilipwa pauni 29,970 kwa mwaka. Ni kama pauni 2,497 kwa mwezi. Tukipiga pauni moja kwa shilingi 3,250, ni zaidi ya shilingi milioni 8. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma nchini kwetu kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Haishangazi mtu akiona milioni 8 asilale.

Lakini kabla haijamfikia, inakatwa kodi ya mapato asilimia 20 kwa sehemu inayozidi pauni 12,570 kwa mwaka, bima ya taifa asilimia 8 ya sehemu hiyo hiyo, na mchango wa pensheni asilimia 8.3. Kinachofika mkononi ni kama pauni 1,925.

Akiwa peke yake, katika mji wa kawaida nje ya London, tuseme analipa chumba katika nyumba ya kushirikiana pauni 650 pamoja na umeme na joto, chakula 220, basi 80, simu 20, mengineyo 100. Jumla ni 1,070. Anabakiwa na pauni 855, karibu shilingi milioni 2.8. Hiyo inajenga nyumba.

Akienda na mume na watoto wawili, hesabu inageuka. Tuseme pango la nyumba ndogo ni pauni 1,100, kodi ya halmashauri ya mji 140, umeme na gesi 160, chakula 450, usafiri 120, simu 35. Jumla ni pauni 2,005. Mshahara ule ule uliokuwa unabakisha milioni 2.8 sasa una upungufu wa pauni 80 kila mwezi, mpaka mume naye apate kazi, na akipata kazi lazima mtu alipwe wa kukaa na watoto. Gharama hizi ni za mfano, na kila mji una zake. Kwa hiyo tunashauri mtu aulize bei ya chumba katika mji ule ule ulioandikwa kwenye barua yake. Uingereza ni kubwa, na London si Uingereza yote.

Hapa tunatoa maonyo mawili. La kwanza, tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wahudumu wa kulea wazee kutoka nje ya nchi. Mtu anayewauzia vijana wetu nafasi hizo kutoka hapa anauza upepo. La pili, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza haziruhusu waajiri na mawakala kuja kuwakusanya wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi anaweza kuomba kazi mwenyewe, ni haki yake. Ila wakala anayezunguka hospitalini kwetu akikusanya majina na ada anapaswa kuulizwa maswali mazito.

Yasiyoandikwa ubaoni

Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza maana ya riziki ya kila siku hakuishia kwenye chakula na fedha. Alihesabu humo na nyumba, wenzi wema, watoto, marafiki na majirani waaminifu. Nasi baada ya kufuta ubao tuulize hayo. Mtoto atalala kwa nani? Bibi atakayemlea ana nguvu za miaka miwili? Ndoa hii inaweza kuvumilia umbali? Zahanati ya kijiji ikibaki na muuguzi mmoja, nani atapokea uzazi wa usiku?

Maswali haya hayana jibu la tarakimu, na kamati haina haki ya kuyajibu badala ya familia. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba yameulizwa mbele ya mume na mke, au mbele ya wazazi na kijana, wote wakiwepo, kabla ya kusaini. Tumeona pia baraka upande wa pili: nyumba za bati zilizojengwa, wadogo waliosomeshwa, mama aliyelipiwa upasuaji. Yusufu alikuwa Misri ndipo ndugu zake wakapata chakula. Tusimtishe mtu aliyehesabu vizuri.

Maswali manane ya kamati

Tunashauri kila usharika uchague watu watatu, angalau mmoja awe mwanamke na mmoja awe anajua hesabu, wanaoweza kukaa na familia kwa saa mbili. Waulize haya:

1. Mkataba uko wapi, uko katika lugha gani, na nani amewatafsiria?
2. Mwajiri ni nani kwa jina, na wakala amesajiliwa na Serikali?
3. Viza ni ya kazi au ya matembezi?
4. Mshahara wa msingi ni kiasi gani, na posho ni kiasi gani?
5. Chakula, malazi, usafiri na matibabu viko juu ya nani?
6. Kuondoka kunagharimu kiasi gani jumla pamoja na riba, na ni mwezi wa ngapi deni litakwisha?
7. Nani atafanya kazi anayoiacha nyumbani, na kwa malipo gani?
8. Akipata shida, atampigia nani, na nakala ya pasipoti na mkataba zimebaki kwa nani hapa?

Swali la nane msilidharau. Binti wa Oman hakuwa na nakala ya kitu chochote, wala sisi hatukuwa nayo. Sasa ofisi ya usharika wetu ina jalada moja kwa ajili hiyo, na kila anayeondoka anaacha nakala zake na namba ya ubalozi wetu katika nchi anayokwenda.

Kwa wafadhili wetu

Mmetuuliza kama mfuko wa mikopo ya vijana unaweza kutumika kwa safari za kazi. Kikao cha mradi kimeamua hivi: mfuko hautalipa ada ya wakala kwa namna yoyote, kwa kuwa fedha hizo ndizo zinazowafunga vijana. Unaweza kukopesha hadi shilingi 400,000 kwa pasipoti, vipimo na nyaraka, baada ya watu watatu wa usharika kujaza hesabu na familia kuisaini. Gharama kubwa tunayowaomba mtuunge mkono ni siku moja ya mafunzo kwa kila jimbo, ili hesabu hii ijulikane mitaani kabla barua hazijafika.

Kwa majadiliano

1. Katika mtaa wenu, ni nani ameondoka katika miaka mitatu iliyopita, na je, kamati iliona mkataba wake?
2. Chukueni barua moja halisi, mfiche jina, mpige hesabu ya hatua nne. Kinachobaki ni kiasi gani?
3. Deni linakwisha mwezi wa ngapi? Familia ingefanya nini kama angerudi kabla ya mwezi huo?
4. Tutampokeaje anayerudi mikono mitupu, ili asione aibu kuingia kanisani?

Swali hilo la mwisho alituomba tuliweke binti wa Oman. Anasema aliporudi alikaa Jumapili sita nyumbani kabla ya kuthubutu kuja ibadani, kwa sababu ya zile shilingi 600,000 tulizomchangia. Alidhani tutamdai.

Bwana awape hekima ya kuhesabu, na moyo wa kupokea.